Mwongozo wa Tiba ya Kiwewe Inayojengwa Juu ya Uhusiano: Kwa Afisa Ustawi wa Jamii Anayeanza

Maswali ninayoulizwa na maafisa ustawi wa jamii wanaoanza kazi ya kliniki hayabadiliki mwaka hadi mwaka. Nimwulize mteja lini kuhusu yaliyompata? Akilia nifanye nini? Akitaka kujua kama nina watoto, nimjibu? Mbona wiki iliyopita alinieleza mambo mazito, na leo hataki hata kunitazama? Kwa kuwa maswali haya yanarudi kila mara, nimeona niyajibu mahali pamoja, kwa mpangilio unaoweza kuufuata tangu siku unapokabidhiwa jalada la mteja hadi siku mtakapoagana.

Mwongozo huu unakuhusu ikiwa umekwisha kupata mafunzo ya msingi na sasa umepewa wateja wenye kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha au baada ya miaka ya kuishi katika hofu. Hauchukui nafasi ya tiba maalumu ambazo zina mafunzo na usimamizi wake. Unahusu jambo moja tu, nalo ni namna ya kuutunza uhusiano kati yako na mteja, ambao juu yake tiba yoyote utakayoitumia itasimama.

Nadharia inayotosha kuanzia

Mtu aliyeumizwa na mtu mwingine, hasa mtu aliyepaswa kumlinda, hubaki na maumivu na pia hubaki na somo: kwamba kumkaribia binadamu ni hatari. Somo hilo alilipata ndani ya uhusiano, na mawaidha hayawezi kulifuta. Hulegea polepole pale anapokutana tena na tena na mtu asiyefanya kile alichokizoea. Ndiyo maana orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, katika kueleza msongo mgumu unaofuata kiwewe, inataja shida ya kudumu katika mahusiano kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe, pamoja na shida ya kutawala hisia na kujiona mtu asiye na thamani.

Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alieleza mwaka 1992 kwamba kupona hupitia awamu tatu: kupata usalama, kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi katika maisha pamoja na watu. Awamu hizo hazifuatani kama ngazi, kwani mteja aliyefika ya tatu anaweza kurudi ya kwanza kwa sababu ya barua moja ya mahakama. Hata hivyo, mpangilio wake unakukinga na kosa kubwa kuliko yote ya wanaoanza, nalo ni kuivamia awamu ya pili kabla ya ya kwanza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Usimpokee mteja wa kwanza kabla mambo yafuatayo hayajakamilika.

- Msimamizi wa kitaaluma ambaye mtakutana kwa ratiba, angalau mara moja kila wiki mbili, na ambaye unaweza kumweleza bila woga kwamba umemkasirikia mteja au kwamba unamwaza usiku. Ukikosa msimamizi wa namna hiyo, mwombe mkuu wako akupangie kabla ya kuchukua kesi za kiwewe.
- Chumba kimoja kisichobadilika, chenye mlango unaofungwa lakini usiofungwa kwa ufunguo. Panga viti kwa pembe ili mteja asilazimike kukutazama usoni, na umpe kiti ambacho kutoka hapo anauona mlango. Usikae kati yake na mlango.
- Saa ya ukutani au ya mezani ambayo nyote wawili mnaiona. Utaona baadaye kwa nini ninaisisitiza.
- Muda maalumu, kwa kawaida dakika 50, siku ile ile na saa ile ile, na dakika 10 baada yake za kuandika kumbukumbu kabla hujampokea mtu mwingine.
- Maelezo ya ridhaa na mipaka ya usiri, kwa lugha ambayo mteja anaielewa.
- Orodha ya mahali pa kumpeleka: hospitali, msaada wa kisheria, makazi ya dharura, daktari wa magonjwa ya akili. Zithibitishe nambari zote kwa kupiga simu mwenyewe.
- Ufahamu wa majeraha yako mwenyewe. Hutakiwi kuwa umepona yote, lakini ni lazima ujue ni habari gani ikisimuliwa mbele yako itakufanya ushindwe kusikiliza.

Hatua ya 1: Hakikisha usalama wa nje

Uliza kwanza anaishi wapi, anaishi na nani, na kama aliyemuumiza bado anaweza kumfikia. Uliza kama ana chakula na mahali pa kulala, na kama anafikiria kujidhuru. Wenzetu wengi wanaotoka katika ushauri nasaha wa kawaida huona maswali haya ni ya kiofisi mno kuulizwa katika tiba, lakini kwa afisa ustawi wa jamii haya ndiyo mwanzo wa tiba. Mtu anayerudi jioni kwenye nyumba anayopigwa hawezi kutulia kwa mazoezi ya kupumua, na hofu yake si dalili ya ugonjwa, kwa maana inamlinda.

Onyo: ikiwa tukio limetokea siku chache zilizopita, usimshinikize asimulie kila kitu katika kikao kimoja ukidhani kwamba akitoa yote moyoni ataepuka madhara. Shirika la Afya Duniani linashauri kikao cha namna hiyo kisitumike kama kinga. Msaidie apate mahitaji yake, watu wake na taarifa anazozihitaji. Akitaka kusema, msikilize. Akinyamaza, mwache anyamaze.

Hatua ya 2: Kubalianeni kuhusu kazi

Mwaka 1979 Edward Bordin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliugawa ushirikiano wa mtaalamu na mteja katika mambo matatu: kukubaliana kuhusu lengo, kukubaliana kuhusu kazi zitakazofanywa ili kulifikia, na kuwa na kifungo cha kuaminiana. Wanaoanza huhangaika na la tatu na kuyasahau mawili ya kwanza, ilhali imani hujengwa kwa kiasi kikubwa kwa mtu kuona kwamba mnaelekea anakotaka kwenda.

Mwulize anataka nini kibadilike, na uandike kwa maneno yake. Akisema, "Nataka nilale bila kuacha taa," hilo ndilo lengo. Usiligeuze kuwa "kupunguza dalili za wasiwasi" katika jalada kisha ukasahau taa. Baada ya hapo mweleze mipaka ya usiri kabla hajakuambia siri yoyote: kwamba anayosema yanabaki kwako na kwa msimamizi wako, isipokuwa pale ambapo maisha yake au ya mtu mwingine yamo hatarini, pale mtoto anapodhuriwa, au pale sheria inapokulazimisha. Mteja akigundua mpaka huo baada ya kusema, ataona ametegwa, na hatakuwa amekosea.

Mweleze pia mambo madogo yanayosahaulika: mkikutana njiani utamsalimu au utasubiri akusalimu yeye, akichelewa kikao kitaisha saa ngapi, ukiugua atajulishwa vipi, na anaweza kukupata kwa njia gani kati ya kikao na kikao.

Hatua ya 3: Tabirika

Fanya ulichosema utafanya, kwa wakati uliosema. Ukiahidi kumpigia ofisa wa makazi Jumanne, mpigie Jumanne, na hata kama hakupokea, mjulishe mteja Jumanne hiyo hiyo kwamba ulipiga. Ukipanga likizo, mwambie wiki kadhaa kabla. Kwa mtu aliyekulia katika nyumba ambayo hakuna aliyejua mlango ukifunguliwa ataingia baba yupi, yule mpole au yule mkali, kutabirika kwako ni dawa inayofanya kazi hata siku ambazo hamkuzungumza lolote la maana.

Usiahidi zaidi ya uwezo wako, hata kwa huruma. "Sitakuacha kamwe" ni maneno ambayo mtaalamu hana haki ya kuyatamka, kwa sababu utahamishwa, utaugua, au mkataba wako utakwisha. Sema unachoweza kukitimiza: "Nitakuwa hapa Alhamisi saa nne."

Hatua ya 4: Jifunzeni pamoja kuusoma mwili

Kila mtu ana kiwango cha msisimko anachokimudu huku akiendelea kufikiri na kuhisi kwa pamoja. Daniel Siegel, daktari wa magonjwa ya akili, alikifananisha na dirisha. Juu ya dirisha hilo, pumzi ya mteja inakuwa ya haraka, misuli inakaza, macho yanazunguka chumbani, maneno yanatoka kwa kasi. Chini yake, sauti inapoa na kuwa ya mstari mmoja, macho yanakodoa mahali pamoja, anajibu kwa kuchelewa, na wakati mwingine akili yake haipo tena chumbani ingawa mwili upo. Hali hii ya pili ndiyo inayowapita wengi, kwa sababu mteja aliyezama anaonekana mtulivu, na mtaalamu anaendelea kuuliza maswali akidhani kazi inakwenda vizuri.

Katika vikao vya mwanzo, kabla ya kugusa kumbukumbu yoyote, mwombe akueleze mwili wake unafanyaje anapoanza kulemewa, na mkubaliane ishara ya kusimama, kwa mfano kuinua kiganja. Kisha jaribuni njia za kumrudisha katika wakati uliopo: kukandamiza nyayo sakafuni, kutaja vitu vitano anavyoviona, kushika kitu cha baridi, kusimama na kutembea hatua chache. Zifanyeni akiwa ametulia ili azizoee, kwa maana hakuna ajifunzaye kuogelea siku mtumbwi unapozama.

Onyo: usimwamuru afumbe macho wala avute pumzi ndefu bila kumwuliza. Wapo ambao kufumba macho ndiko kunakowarudisha kule walikoumizwa, na wapo ambao kusikiliza pumzi zao kunawaongezea hofu. Usimguse, hata begani, hata akilia. Akilia, punguza sauti yako, sogeza kitambaa mahali anapoweza kukifikia, na ubaki naye. Kumpa kitambaa mkononi haraka mno kunaweza kusikika kama kumwambia anyamaze.

Hatua ya 5: Angalia kinachopita kati yenu

Hapa ndipo njia hii inapotofautiana na ushauri nasaha wa kawaida. Mteja hatakuletea tu habari za mahusiano yaliyomuumiza. Atakuja na matarajio aliyojifunza humo, na atayaelekeza kwako. Atakusubiri umdharau, umtumie, au umwache. Na wewe, bila kujua, utavutwa kuingia katika nafasi ambazo maisha yake yamezizoea: mwokozi, mtesaji, au yule mtu mzima aliyeona na asifanye kitu.

Njia ya kujua kwamba umevutwa ni kujichunguza mwenyewe baada ya kila kikao, kwa dakika mbili na kwa kuandika. Je, nilimwongezea muda leo ingawa sikuwaongezea wengine? Je, nilisinzia? Je, niliogopa kumwuliza jambo fulani? Je, ninaisubiri siku yake kwa hamu, au kwa uzito tumboni? Hisia hizi si aibu, nazo ni taarifa. Mtaalamu anayesema hana hisia yoyote kwa mteja wake bado hajajitazama.

Unapoona jambo linalojirudia kati yenu, litaje kwa upole na kama swali. "Naona kila tunapokaribia kumzungumzia kaka yako, unaniomba radhi. Je, ni kama vile unaogopa nitakasirika?" Akikataa, kubali. Hujashindwa, kwani umemwonyesha kwamba katika chumba hiki mambo yanayotokea kati ya watu yanaweza kuzungumzwa, na kwa wateja wengi hilo halijawahi kutokea popote.

Hatua ya 6: Ufa ukitokea, uzibe

Ukibaki na jambo moja katika mwongozo huu, ningependa liwe hili. Utamuumiza mteja. Utasahau jina la mtoto wake, utachelewa, utatafsiri vibaya alichosema, utatoa ushauri aliokuwa hajauomba. Wanaoanza hudhani kwamba mtaalamu mzuri ni yule asiyekosea, kwa hiyo wakikosea hujificha, hueleza sababu, au humgeuzia mteja kosa kwa kusema kwamba hali yake inamfanya awe mwepesi kuumia. Ilhali mteja huyu ameumizwa mara nyingi, asichowahi kukiona ni mtu aliyemuumiza kurudi na kusema, "Nimeliona, na ni langu."

Jeremy Safran na Christopher Muran, waliochunguza nyufa hizi kwa miaka mingi, walizigawa katika aina mbili. Kuna mteja anayekukabili: analalamika, anasema hufai, anatishia kuacha. Na kuna anayejitenga: anakubali kila usemalo, anatoa majibu mafupi, anatabasamu, anasema kila kitu ni sawa. Aina ya pili ni rahisi kuipuuza, na ndiyo inayoondoka na wateja.

Nitoe mfano ambao nimeubadilisha kiasi cha kutosha ili mhusika asitambulike. Nilikuwa na mteja ambaye kila alipoingia aliweka mkoba wake sakafuni, kando ya mguu wa kiti. Siku moja, dakika tano kabla ya muda kwisha, alianza kuzungumza kuhusu usiku mmoja wa utotoni ambao hakuwahi kuutaja. Nilitupia saa jicho, kwa sababu wakati huo saa ilikuwa nyuma yake na ilinilazimu kuinua kichwa, kisha nikamwambia tutaendelea wiki ijayo. Alisema, "Sawa dada," akasimama. Wiki iliyofuata alikaa akiwa ameupakata mkoba. Majibu yake yalikuwa ndiyo, hapana, sijui. Vikao vitatu vilipita hivyo, nami nikaandika katika jalada kwamba mteja anaonyesha ukinzani.

Msimamizi wangu alisoma neno hilo, kisha akaniuliza kitu kimoja tu: mkoba ulikuwa sakafuni kwa mara ya mwisho lini? Nilirudi kwenye kumbukumbu zangu na jibu likawa wazi. Kikao kilichofuata nilianza mwenyewe: "Mama, mwezi uliopita ulianza kuniambia jambo zito, nami nikatazama saa. Nadhani ilikuwa kama nimekufungia mlango. Hilo lilikuwa kosa langu." Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nilidhani umenichoka. Nikasema ni afadhali hukusikia." Hatukuurudia usiku ule siku hiyo, na wala mkoba haukurudi sakafuni siku hiyo, ulirudi baada ya vikao viwili, na mazungumzo yakarudi nao. Saa niliihamishia ukutani mahali tunapoiona sote.

Utaratibu wa kuziba ufa ni huu. Kwanza, tambua mabadiliko, hata madogo kama mkoba. Pili, yataje bila kumlaumu. Tatu, kubali sehemu yako kwa sentensi fupi isiyofuatwa na "lakini". Nne, mwulize ilikuwaje kwake, kisha usikilize bila kujitetea hata kama anachosema unakiona hakikutokea hivyo. Tano, badilisha kitu kinachoonekana. Radhi ndefu mno ni kosa jingine, kwa sababu humlazimisha mteja kuanza kukufariji wewe, na wengi wao wamefanya kazi ya kuwafariji watu wazima tangu wakiwa watoto.

Hatua ya 7: Ikaribieni kumbukumbu kwa ridhaa na kwa kiasi

Anzeni pale tu ambapo mteja anaweza kujirudisha mwenyewe akilemewa, maisha yake ya nje yametulia kiasi, na yeye mwenyewe anataka. Wapo wateja ambao hawatataka kamwe kusimulia tukio lenyewe na bado watapona vya kutosha kulala, kufanya kazi na kupenda. Usiwalazimishe kwa sababu ya imani yako kwamba ni lazima yasemwe.

Gawa kikao katika sehemu tatu. Theluthi ya kwanza ni ya kujua hali yake wiki hiyo, ya pili ni ya kazi nzito, na ya mwisho ni ya kutulia na kurudi duniani: ataondoka vipi, atakula nini, jioni atakuwa na nani. Akianza jambo jipya zito mwishoni mwa kikao, mwambie wazi kwamba umelisikia, kwamba ni muhimu, na kwamba mtaliweka mwanzoni mwa kikao kijacho. Kisha kweli uliweke mwanzoni.

Onyo: usimpandikizie kumbukumbu. Maneno kama "Dalili zako zinaonyesha uliwahi kudhalilishwa utotoni" hayana msingi, kwani hakuna dalili moja inayothibitisha tukio fulani, na akili ya mtu anayekuamini inaweza kujenga kumbukumbu kwa kufuata swali lako. Uliza maswali yaliyo wazi, kama vile "Nini kilifuata?" au "Unakumbuka nini kingine?", na uvumilie jibu la "Sikumbuki."

Hatua ya 8: Upeleke uhusiano nje ya chumba

Tiba ikibaki kati yenu wawili tu, umemjengea mteja kisiwa. Tangu mapema uliza ni nani katika maisha yake anayeweza kumwamini kwa kiasi fulani, hata kwa asilimia kumi. Mjaribu hatua ndogo: kumwambia shangazi kwamba halali vizuri, bila kusema kwa nini, kumkatalia mwenzake kazini ombi moja. Kisha zungumzeni ilivyokwenda. Hapa afisa ustawi wa jamii ana nafasi kuliko mtaalamu mwingine yeyote, kwa sababu kazi yake inamruhusu kukutana na familia, vikundi, shule na ofisi nyingine, mradi mteja ameridhia kila taarifa inayotoka.

Hatua ya 9: Agana kwa mpango

Kwa mtu aliyeachwa ghafla, kuagana vizuri ni sehemu ya tiba. Litaje jambo hili mwanzoni mnapokubaliana kuhusu kazi, na ulirudie wiki nyingi kabla ya mwisho. Tegemea dalili za zamani zirudi kwa muda, tegemea akose kikao kimoja au viwili ili awe yeye aliyetangulia kuondoka. Hilo lisikufanye ughairi tarehe kwa huruma. Litajeni, lihuzunikieni pamoja, na mwambie kwa ukweli nini ulichojifunza kwake. Ukihamishwa kikazi ghafla, omba walau kikao kimoja cha kuaga. Wakikunyima, andika barua fupi ambayo msimamizi wako ameisoma.

Mambo yanapokwama

Mteja hasemi kitu. Usiujaze ukimya kwa maswali. Sema, "Tunaweza kukaa hivi kidogo. Ukiwa tayari nipo." Ukimya ukiendelea vikao vingi, uliza kama kuna jambo ulilofanya.

Anakosa vikao. Mjulishe kwamba nafasi yake ipo na kwamba ungependa kujua kama kikao cha mwisho kilimlemea. Mara nyingi anayekosa ni yule aliyefunguka zaidi ya alivyokusudia, na kosa linakuwa la mwendo wako. Punguza kasi.

Anauliza habari zako binafsi. Swali dogo lijibu kwa ufupi na kwa kweli, kisha uliza jibu hilo lina maana gani kwake. Swali usilotaka kulijibu, likatae kwa heshima: "Hilo nitabaki nalo, lakini ningependa kujua limetoka wapi." Kukwepa kwa kulirudisha kila swali kwake kunaumiza, maana watu waliodanganywa hunusa ukwepaji upesi.

Anakupigia usiku. Rudini kwenye makubaliano ya hatua ya 2. Mpaka unaowekwa baada ya kuuvunja mara kumi huonekana kama adhabu, kwa hiyo uweke mara ya kwanza, na kwa sauti ile ile unayomsalimia nayo. Mpe orodha ya watu na huduma za usiku, na mzipitie pamoja.

Anazidi kuzorota. Acheni kazi ya kumbukumbu mara moja, rudini hatua ya 1 na ya 4. Angalia kama pombe au dawa za kulevya zimeongezeka, na kama aliyemuumiza amerudi. Mteja anayesikia sauti wasizozisikia wengine, asiyelala kwa siku kadhaa au asiyekula anahitaji daktari wa magonjwa ya akili. Rufaa hiyo mwelezee kama nyongeza ya msaada, na endelea kumwona ili asidhani umemtupa.

Anasema afadhali afe. Mwulize wazi kama anafikiria kujiua, kwa neno hilo hilo. Kuuliza hakumpi wazo. Kunampa ruhusa ya kusema. Uliza kama ana mpango, ana njia ya kuutekeleza, na nini kimemzuia hadi leo. Kama hatari iko karibu, usimwache peke yake, mpigie msimamizi na huduma ya dharura mbele yake, na umweleze kila unachofanya na sababu yake.

Wewe mwenyewe umeanza kuota ndoto zake. Wanasaikolojia Lisa McCann na Laurie Pearlman walieleza mwaka 1990 kwamba kusikiliza kiwewe cha wengine kwa muda mrefu hubadilisha namna mtaalamu anavyoiona dunia: anaanza kuwashuku watu wote, anawafungia watoto wake ndani, anachoka kwa uchovu usioondoka kwa usingizi. Ukiziona dalili hizi, mweleze msimamizi katika kikao kijacho, usisubiri likizo. Omba mgawanyo wa kesi ubadilishwe ili zote zisiwe za kiwewe, na utafute mtu wa kukusikiliza wewe, nje ya ofisi, kwa siku na saa isiyobadilika.